Minneapolis: Huku Mbegu Hulazwa Nje kwenye Theluji

Barua hii ni yako, Mjomba. Ni ya wote wa kibarazani hapo Ngamiani, Tanga, wanaocheza bao na wanaosubiri zamu.

Sauti uliyonitumia WhatsApp imefika, na wenzangu wa zamu ya usiku wameisikia yote, maana ukiongea wewe simu haihitaji spika. Unauliza ile picha ya vidumu vya maziwa vilivyopangwa kwenye theluji ni biashara gani, na kama nimeacha kazi ya kutunza wazee nikawa muuza mtindi. Shangazi naye nasikia kaikuza picha, kaona vidumu vina udongo ndani, akasema huo ni uganga, tena wa kizungu. Naomba niwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu nikimjibu mmoja mmoja habari itafika Chumbageni imeshakuwa nyingine.

Mle ndani ni maua. Mbegu za maua, zimesiwa Januari, nje, kwenye baridi, kwa makusudi kabisa, na mtu mwenye akili zake timamu.

Kwanza mjue baridi yenyewe. Friza ya kuhifadhia samaki huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Huku Minnesota zipo siku za Januari ambazo mtu angeingia ndani ya hiyo friza akaota joto. Tarehe 30 Januari 2019 mji huu ulifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na posta ikasimamisha kugawa barua jimbo zima. Posta, Mjomba, imejifungia ndani, na mbegu ya popi iko nje.

Mwenye vidumu ni bibi jirani yangu, mwalimu mstaafu, babu zake walitoka Norwei. Maziwa huku huuzwa kwenye dumu la plastiki la galoni moja, kama lita 3.8 hivi, na plastiki yake ni nyeupe inayopitisha mwanga. Kuanzia Novemba, siku ya kuzoa taka, bibi hutoka alfajiri na koti zito juu ya gauni la kulalia, anapita nyumba kwa nyumba kuokota vidumu vitupu kabla gari halijafika. Kwetu angeshaitiwa wazee wa mtaa wamsikilize ana shida gani. Huku majirani wanampungia mkono na kumwekea vyao pembeni, vimeoshwa.

Akishakusanya, kazi inahamia mezani jikoni. Anapasha bisibisi kwenye jiko mpaka iwe nyekundu, anatoboa matundu kitakoni mwa dumu ili maji yasituame, na nyumba nzima inanuka plastiki iliyoungua. Kisha anachukua kisu, analikata dumu kiunoni kwa kulizungusha, ila chini ya mkono wa kushikia anaacha kidogo bila kukata, ili nusu ya juu ifunguke na kufunga bila kutengana na ya chini. Ndani anatia udongo mwepesi wa vyungu, uliokwisha kuloweshwa, kina cha sentimita kumi hivi. Ndipo mbegu zinapokuja, na hapo Mjomba nilitamani ungekuwepo.

Mbegu ya popi ni ndogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Ukipumua vibaya umepoteza bustani. Bibi anazimimina kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, anaishika juu ya udongo, anaigonga ukingoni kwa ukucha, moja moja zinateleza. Hazifukii. Popi hutaka mwanga ili ichipue, ukiifunika umeizika. Akimaliza anapitisha kiganja juu ya udongo kama anayepapasa shuka, basi. Halafu anafunga dumu kwa utepe mpana ule wa mafundi, anaandika jina kwa penseli kwenye kipande cha plastiki na kukichomeka ndani, kwa sababu wino wa kalamu hufutwa na jua, na kufika Aprili hujui kipi ni kipi. Mwisho anatoa kile kifuniko kidogo cha mdomoni na kukitupa. Dumu linabaki mdomo wazi. Analitoa nje, analiweka kwenye theluji, anarudi ndani kunywa kahawa.

Nikamuuliza, sasa unamwagilia lini? Akasema hamwagilii. Theluji inaanguka, nyingine inaingia mdomoni mwa dumu, siku jua likitoka inayeyuka na kunywesha udongo, usiku inaganda tena. Akaniuliza mimi, je, porini nani humwagilia? Nilikosa jibu, na ninyi mnajua mimi si mtu wa kukosa jibu.

Shangazi atauliza mbegu hazifi. Hazifi, na nyingine bila baridi haziamki kabisa. Maua ya nchi hizi yamezoea kwamba mbegu inaanguka mwezi wa Septemba au Oktoba. Ikichipua papo hapo, mche utakutwa na barafu ungali mchanga na utakufa. Kwa hiyo mbegu imewekewa kufuli: ndani yake mna kemikali inayoizuia kuota, na kemikali hiyo hupungua pale tu mbegu inapokaa kwenye ubaridi na unyevu kwa wiki kadhaa mfululizo. Nyingine zina ganda gumu, na kule kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, ndiko kunakolilegeza. Wasiotaka kulaza mbegu nje huzifunga kwenye mchanga mbichi na kuziweka kwenye friji ya chakula, katikati ya siagi na mayai, wakadanganya mbegu kwamba baridi imepita. Mimi naona kama baridi ya bure imejaa nje mpaka madirishani, kununua nyingine ya umeme ni israfu.

Jambo lenyewe si geni sana hata kwenu. Mkulima anayeona mawingu ya masika yanakusanyika, akapanda mahindi kwenye vumbi kabla tone halijaanguka, naye anaiachia mbegu ichague siku yake. Tofauti ni kwamba yeye anasubiri maji na huyu anasubiri joto.

Kuweka mbegu kwenye vidumu hivi kulivumishwa na mwanamke mmoja wa jimbo la New York, Trudi Davidoff, miaka ishirini na kitu iliyopita, naye ndiye aliyeipa njia hiyo jina inalojulikana nalo leo. Sababu yake naipenda kuliko yote: nyumba ndogo, mbegu nyingi, nafasi ya kuwekea taa hakuna. Kwa maana huku, Mjomba, watu wanaosia mbegu ndani ya nyumba hununua taa maalumu, na mikeka ya umeme ya kupasha udongo joto, na feni ya kuupepea mche ili ujifunze upepo. Feni! Mche unafundishwa upepo! Na ukishamaliza madarasa yote hayo bado unapaswa kuutoa nje kidogo kidogo, saa moja leo, saa mbili kesho, usije ukaungua na jua ambalo haujawahi kuliona. Mche wa kwenye dumu haujui anasa hizo. Umezaliwa nje, jua na upepo ni ndugu zake. Ukinitaka nitoe hukumu, wenye taa na feni wanalea watoto wa mjini.

Si kila mtu mtaani anafurahi. Watu wa huku hawasemi jambo baya waziwazi. Ukiwapikia pilau wakaona pilipili imezidi, watakuambia ladha yake ni tofauti, wakanywa maji jagi zima. Sasa yupo jirani mmoja wa upande wa pili ambaye kila akipita anasema bustani ya bibi ni tofauti. Februari ikaja barua ya adabu sana, inakumbusha wakazi kutoacha vyombo vya plastiki uani. Bibi aliisoma, akaikunja, akaitumia kugongea mbegu. Hakuna aliyemfuata tena, kwa sababu kufuatana nako kunataka kutoka nje, na nje kulikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mwishoni mwa Machi ndipo uganga wa Shangazi ulipoanza kufanya kazi. Theluji bado imetanda, mimi narudi kutoka zamu ya usiku nimejifunika mpaka pua, nikainama kuchungulia mdomo wa dumu. Jasho la mvuke ndani, na chini yake kijani. Miche midogo, imesongamana, majani mawili mawili. Nje ya dumu hakuna jani hata moja mtaa mzima. Siku za joto bibi huvifungua vidumu vyote visije vikapika miche, usiku ukiahidi barafu huvifunga tena. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoitwa kusaidia, na ndiyo maana mlinisikia nimekata simu ghafla siku ile ya Ijumaa. Samahani kwa Mama Mdogo, hakuwa amemaliza sentensi.

Kwenye udongo wa bustani miche haiingii mpaka barafu ya mwisho ya usiku ipite, na Minneapolis hiyo inaweza kungoja hadi katikati ya Mei. Mnakumbuka Mei huko ni mvua na matope, huku ndiyo kwanza watu wanaona magoti yao. Kung'oa mche mmoja mmoja bibi hana subira nako. Analipindua dumu, bonge zima la udongo linatoka na mizizi yake, analikata vipande kama mkate wa kumimina, kila kipande kina miche kumi au zaidi, anakipachika shimoni na kukanyaga pembeni kwa kiatu. Nilimwambia kwetu miche huatikwa kwa nafasi. Akaniambia itagombana yenyewe, wenye nguvu watabaki.

Ua analolithamini kupita yote si zuri hata. Wanaliita milkwidi, shina likikatwa linatoa utomvu mweupe wenye sumu, na ng'ombe mwenye akili haligusi. Lakini kipepeo wa rangi ya chungwa na mistari myeusi aitwaye monaki hutaga mayai kwenye mmea huo tu, na viwavi wake hawali kitu kingine. Minnesota wamemfanya kipepeo wa jimbo tangu 2000. Huyo kipepeo, Mjomba, baridi ikikaribia anaondoka zake, anaruka mpaka milima ya katikati ya Mexico kukaa huko msimu mzima. Nilimtazama Septemba akiondoka na sina budi kusema nilimwonea wivu. Mbegu za mmea wake zinabaki huku kuganda kwa niaba yake.

Na sasa habari ya kuwapa ninyi kiburi. Bibi huyu anayelaza maua yake kwenye barafu ana ua moja tu ambalo halitoki nje hata Julai. Lipo dirishani jikoni, majani yana manyoya, maua ya zambarau, anaulizia hali yake kabla hajaniulizia mimi. Huku wanaliita urujuani wa Afrika, na supamaketi zote wanaliuza. Nikamwambia: ua hilo ni la Usambara. Aliyelipeleka Ulaya alikuwa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya hapo hapo kwetu Tanga wakati wa ukoloni, ambaye alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea aitwaye Wendland akalipa jina la kisayansi kutokana na jina la familia hiyo. Wasambaa hawakuulizwa. Bibi alinitazama, akalitazama ua, akanitazama tena. Tangu siku hiyo dirisha hilo nimekabidhiwa mimi akisafiri, kwa hoja kwamba sisi ni wa mji mmoja. Na yule mmea mwingine wa kwetu, anayeota kwenye vijito vya Amani, laini, maua mekundu na ya waridi, ambaye hakuna mtu huko anayemhesabu kuwa kitu? Huku kila Mei wanampanga kwenye trei na watu wanapanga foleni kumnunua kwa dola. Barafu ya kwanza ya Oktoba inamlaza chali usiku mmoja. Wa kwetu wote tuko hivyo.

Basi, ombi langu ni moja. Nasikia yule kijana wa Shangazi anakuja mwezi wa Juni kusoma, na tayari mmeshaanza kumfungia mbegu za mchicha, bamia na mnavu ili nami nifanye maajabu ya vidumu. Msimpe. Mbegu za kupanda kwa kawaida haziingii Marekani bila cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya nchi zinakotoka, na uwanja wa ndege wana mbwa wadogo wenye masikio marefu ambao kazi yao ni kunusa mizigo kutafuta vyakula na mimea. Atawekwa pembeni, mzigo utamwagwa mbele za watu, na kitu cha kwanza atakachojifunza Marekani kitakuwa aibu. Mpeni kahawa iliyokaangwa, iliki iliyosagwa, na kanga mbili za Mama. Mbegu za bamia nimeshazipata dukani huku, na hizo hatuzilazi nje. Bamia ni wa pwani, anasubiri Juni.