Baraza la Kumchagulia Mpwa Wangu Chuo

Miongoni mwa mambo ambayo jamaa wa Kizanzibari hawayaachi yapite bila ya kuketi baraza, mbali na posa na mirathi, siku hizi limeongezeka la tatu, nalo ni shahada ya uzamili ya kijana. Na kwa kuwa mpwa wangu, aliyekwisha kuhitimu uhasibu, alitaka kuongeza ilimu ya fedha, ilinilazimu mimi mjombake kuwakaribisha wakubwa nyumbani baada ya swala ya alasiri, nikawaandalia kahawa na halua, nikitaraji kwamba magharibi itatukuta tumekwisha kukata shauri.

Kijana alitangulia kusema kwamba moyo wake umeelekea Chicago, mji ambao mwaka 1973 ulifungua soko la mikataba ya hiari ya kununua na kuuza hisa, mwaka uleule ambao Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao ya kukadiria bei ya mikataba hiyo. Wazee wakatikisa vichwa kwa taadhima, kama wasikilizao khutuba ya lugha wasiyoifahamu, mpaka ami yake alipouliza huko Marekani kazi hupatikana vipi. Mpwa wangu, kwa unyofu wake, akaeleza kwamba mhitimu hupewa ruhusa ya mwaka mmoja ya kujizoeza, ambayo huongezwa kwa masomo yanayohesabiwa kuwa ya sayansi na hisabati, kisha mwajiri humwombea viza ambayo nafasi zake ni 85,000 kwa mwaka, na waombaji wakizidi hupigiwa kura.

"Kura?" Ami akakitua kikombe. "Yaani tumsomeshe mtoto ilimu ya mali, kisha riziki yake tuitie katika kamari?"

Chicago ikazikwa papo hapo. Ami akaipendekeza London, kwa hoja kwamba mabenki makubwa aghalabu hutafuta vijana katika vyuo vilivyo jirani nayo, hoja ya haki kabisa, ila baadaye ilidhihiri kwamba alitaka pia mwenyeji wa kumpokea atakapokwenda kutibiwa magoti. Shangazi akashikilia Dubai, ambako tangu 2004 upo mtaa mzima wa fedha wenye mahakama yake wenyewe, akampigia simu mwanawe aliyeko huko ili athibitishe. Naye akathibitisha habari za joto na za kodi ya nyumba, mpaka salio likamalizika na chuo hakijatajwa. Dada yangu, mamake kijana, akachagua Kuala Lumpur, panapofundishwa murabaha, mudharaba na sukuki, ili mwanawe asije akala riba, wala hakuna aliyethubutu kumjadili.

Magharibi ikapita, isha ikakaribia, halua ikabaki sinia, nami nikatambua kwamba kila mmoja amechagua mji anaotamani kufikia yeye, walakini mwenye kusoma hajaulizwa anataka kufanya kazi wapi. Nikamwuliza.

"Dar es Salaam, mjomba," akajibu, akiinamisha uso. "Mchumba wangu amesema bahari atakayoivuka ni hii moja tu."

Hapo mjadala ukajimaliza wenyewe. Atakaye kukagua na kutia saini hesabu za makampuni Tanzania hana budi kusajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, hata awe ametoka katika chuo chenye adhama gani. Soko la hisa la mji ule linafanya biashara tangu 1998. Na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoasisiwa 1972, kiko papo hapo mjini, ambapo anayeketi dawati la pili huenda ni karani wa benki, atakayekuwa wa kwanza kukunong'oneza kwamba pana nafasi.

Baraza zima likaridhia kwa haraka iliyonitia shaka, nikauliza karo tutaichanga vipi. Ami akakumbuka magoti yake, shangazi akakumbuka kwamba simu haina salio, na dada yangu akaniinulia mikono akaniombea dua ndefu ya kuzidishiwa riziki, ambayo wote waliiitikia kwa sauti kubwa. Na mtu aliyekwisha kuombewa na umati kiasi kile hawezi tena kusema kwamba hana.