Mwongozo wa Kutembea Juu ya Reli Isiyo na Treni

Kwanza, chagua kipande. Reli ya Voi hadi Taveta, nchini Kenya, ina kilomita 110 hivi, na ilianza kujengwa kwa pupa mwaka 1915, Waingereza walipotaka kuwafikishia Wajerumani vita ng'ambo ya mpaka. Wewe huna vita na mtu. Anzia Mwatate, uishie Bura. Utawaambia watu unakwenda Maktau. Waambie tu, kusema hakuchoshi.

Pili, hatua. Mataruma ni ya chuma, kwa sababu mchwa hawana adabu na mbao. Ukikanyaga kila taruma utakwenda kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Ukiruka moja moja, suruali itatoa maoni. Wenyeji wamechonga kijia kando ya kokoto, chembamba, laini. Kidharau, maana ulikuja kutembea relini. Kilomita ya kwanza haijaisha utakuwa umo ndani yake. Ingia kama mtu aliyekusudia.

Tatu, na hapa tulia: andaa sababu. Huku mtu hutembea akienda mahali. "Natembea tu" si jibu, ni ushahidi. Tazama kando: pojo na mahindi yamesogea hadi hatua tatu kutoka kwenye chuma, katika ardhi ambayo kila mtu anajua ni ya reli na hakuna anayeitaja. Mama anayepalilia atainuka, ashike kiuno, akuulize, "Mwanangu, mmetumwa na reli?" Uko peke yako, lakini wapima ardhi huja kwa kundi, kwa hiyo umeshakuwa wengi. Jibu, "Hapana, mama, napita," kisha msalimie upya, polepole, uulizie mvua. Usitoe daftari. Usihesabu chochote kwa kidole. Na ile nati iliyolegea, yenye kutu nzuri, iache: serikali iliwahi kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, na tangu hapo chuma kwenye mfuko wa mgeni kina maelezo marefu. Utaiokota. Basi irudishe kabla hujafika kwa chifu.

Nne, umbali. Ukiambiwa "ni hapo tu", kunywa maji nusu. Ukiambiwa "ni mbali kidogo", rudi.

Tano, usikae juu ya reli. Mzee atakuinua: treni yaweza kuja. Ukimuuliza ya mwisho ilipita lini, atakutajia mwaka. Jirani yake atataja mwingine, na wote wawili walikuwepo. Usiwapatanishe. Treni hiyo hurudi kila msimu wa kampeni, na huondoka kwa wakati.

Sita, ndovu. Ukipita Bura kuelekea Maktau, unaingia nchi yao, na mbele ni Tsavo Magharibi. Wao huvuka reli bila kuangalia kushoto wala kulia, na sheria haijawahi kuwauliza. Usipige mluzi, usisogee upate picha nzuri. Maktau kuna makaburi ya askari wa vita ile, yametosha.

Saba, lami iko pale kando, imekusindikiza muda wote. Panda tuta, punga mkono. Konda atatazama viatu vyako, atauliza umetokea wapi. Ukisema umetoka Mwatate kwa miguu, atacheka na gari zima. Sema Voi. Utalipa nauli ya Voi.