Lita Moja ya Avena

Mgeni wetu kutoka Uhispania alifika Nyeri usiku, mkoba wake ukimzidi kimo, akielekea Naro Moru kupanda mlima. Nilipomuuliza atakula nini asubuhi, alitaja neno moja tu: avena. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kwetu ni aibu mgeni kutaja chakula nawe ukabaki umekodoa macho.

Alfajiri nikawa dukani.

"Avena iko?"

"Iko. Ya lita moja ama tano?"

Saa moja asubuhi mezani palikuwa na bakuli, kijiko, maziwa moto na chupa ya mafuta ya kupikia. Mgeni aliitazama chupa, akanitazama mimi, kisha kwa adabu kubwa akashika kijiko.

Nilimwahi. Akanionyesha picha kwenye simu: kumbe ni oti! Kamusi yangu ikaniambia oti ni shayiri. Nikanunua shayiri, ndugu ya ile inayolimwa Timau na kuishia kwenye chupa za bia. Nikaichemsha kwa saa mbili. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza, kwa sauti ya chini, itakuwa tayari lini.

Kwenye supamaketi ndipo nilipogundua kuwa oti zina koo zake. Kuna punje zilizokatwakatwa kwa visu vya chuma, zinazotaka nusu saa motoni. Kuna zilizopigwa mvuke zikabanwa na rola hadi zikawa bapa, na kuna nyembamba zaidi, za kumwagia maji moto tu. Hizo bapa Waispania huziita copos, neno lilelile la chembe za theluji inayoanguka. Yaani huyu bwana alitaka kuila theluji kabla ya kwenda kuikanyaga. Mimi nikachukua za visu kwa kuwa ndizo zilikuwa ghali, nikazipika dakika tano. Tulitafuna kokoto.

Cucu, yaani nyanya yangu, alionja, akaweka kijiko chini. Alisema anaijua nafaka hiyo tangu usichana wake kwenye shamba la mzungu karibu na Nanyuki: ilikuwa ya farasi. Cucu hajawahi kumsikia Samuel Johnson, ambaye katika kamusi yake ya mwaka 1755 aliandika kwamba nafaka hiyo Uingereza hupewa farasi, lakini Scotland hulisha watu. Nikamkumbusha kuwa Waskoti ndio walioanzisha misheni ya Tumutumu.

"Ndiyo maana walikuwa wakitembea mbio," akasema, akammiminia mgeni kikombe cha uji wake wa mukio, uliochacha siku tatu.

Mgeni alikunywa, akafumba jicho moja, akaomba cha pili. Akauliza jina. Cucu akamwambia kwa Kikuyu: ucuru, akitamka ile "c" kama "sh", kama tutamkavyo sote huku. Mgeni akaliandika alivyolisikia, akaipa simu yake imtafsirie kutoka Kiswahili, akakunja uso.

Kisha akaniuliza kwa upole kama kweli hapa Nyeri watu hunywa kodi kila asubuhi.