Hodi Katika Nyumba ya Mwingine: Waraka wa Wazi kwa Wakuu wa Chama cha Labour, London

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

Nakuleteeni waraka huu kwa adabu zote zimpasazo mtu ambaye babu yake aliishi na kufa chini ya bendera yenu bila ya kuulizwa hata siku moja kama aitaka au haitaki. Siombi fedha, wala viza siombi. Nataka kufahamishwa jambo moja tu, ambalo tangu Oktoba 2024 limenishinda kulielewa: mtu akiingia katika uchaguzi wa nchi isiyokuwa yake, ni wakati gani huitwa rafiki, na ni wakati gani huitwa mwingiliaji?

Kisa chenyewe mnakijua kuliko mimi. Mwezi huo mtumishi mmoja wa chama chenu alitangaza katika mtandao wa LinkedIn kwamba wenzake wapatao 100, wa sasa na wa zamani, wamo mbioni kwenda Marekani kwa kampeni za uchaguzi, katika majimbo ya North Carolina, Nevada, Pennsylvania na Virginia. Kwamba kwa North Carolina zimesalia nafasi 10. Na kwamba atakayekwenda asitaabike na malazi, maana atatafutiwa. Tangazo likafutwa, lakini likawa limekwisha kusomwa na watu ambao halikukusudiwa wao. Kampeni ya Donald Trump ikapeleka mashitaka kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ikidai kwamba Kamala Harris anapokea msaada haramu wa kigeni, na mwanasheria aliyeyaandika, ambaye bila shaka alikuwa na wasaa, hakuacha kukumbusha kwamba ilikuwa ndiyo kwanza imetimia miaka 243 tangu majeshi ya Uingereza yasalimu amri huko Yorktown mwaka 1781, na kwamba zamani Waingereza walipokwenda mlango kwa mlango Marekani mambo hayakuwaishia vyema.

Waziri Mkuu wenu, Bwana Keir Starmer, aliyekuwa safarini kwenda Samoa, akawajibu waandishi kwamba watu wale wamekwenda kwa hiari yao, katika nafasi yao ya mapumziko, na kwamba adhani wanalala kwa wenziwao wa kujitolea huko huko. Jawabu hilo lilinifurahisha sana, na sababu yake ni hii: sheria ya Marekani yamruhusu mgeni kutembea, kupiga hodi na kusema mpaka koo limkauke, madhali halipwi ujira, lakini yamkataza asitoe fedha wala kitu chochote chenye thamani. Watu wa Bernie Sanders walilijua hilo kwa uchungu, walipotozwa dola 14,500 mwaka 2018 kwa kuwa Chama cha Labor cha Australia, ambacho ni ndugu yenu wa damu, kiliwalipia vijana wake nauli na posho wende wakamsaidie katika uchaguzi wa 2016. Basi utukufu wote wa dola na uhuru wa taifa, ambao watu wamemwaga damu kwa ajili yake, umekuja kukaa juu ya godoro: nani amelitandika, na nani amenunua shuka. Huku kwetu godoro la mgeni halina bei, nami nakiri kwamba katika umri wangu wote sikupata kudhani kuwa kumtandikia mtu kitanda chaweza kuwa kitendo cha kuhatarisha dola.

Nimejaribu kumwona kwa jicho la moyo kijana wa Leeds, karatasi mkononi na beji kifuani, amesimama barazani mwa watu mahali fulani North Carolina. Mwenye nyumba, aliyekuwa akiosha vyombo, atoka na povu mikononi. Kijana afungua kinywa, na kabla hajafika katikati ya sentensi ya kwanza lafudhi yake imekwisha kumtangaza. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Ila wazee hawakusema lolote juu ya mgeni ajaye kumchagulia mwenyeji mkubwa wa nyumba.

Nanyi mngejua, kwani jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2004 gazeti la Guardian, ambalo naambiwa halikosekani mezani mwa wengi wenu, liliwahimiza wasomaji wake wawaandikie barua wapiga kura wa wilaya ya Clark katika jimbo la Ohio, ambako Al Gore alikuwa ameshinda mwaka 2000 kwa kura 324 tu. Barua zikaenda, majibu yakarudi, mengine ya matusi yasiyofaa kusomwa mbele ya watoto, na siku ya kura wilaya ile ikampa ushindi George W. Bush. Ama katika majimbo yenu manne ya mwaka 2024, Harris alipata moja, Virginia. Kwa kazi ya watu 100, sijui kama mwenye duka yeyote wa Mombasa angekubali hesabu hiyo.

Lakini linalonistaajabisha zaidi ni usahaulifu wenu. Tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi, gazeti la Daily Mail lilichapisha barua iliyodaiwa kutoka kwa Grigory Zinoviev wa Moscow, ya kuwachochea makomunisti wa Uingereza. Serikali ya Ramsay MacDonald, ya kwanza kuundwa na chama chenu, ikaondoka madarakani, na viti vyenu vikashuka kutoka 191 hadi 151. Wanahistoria wangali wakibishana kama barua ile ndiyo iliyowaangusha. Lakini mwaka 1999 Gill Bennett, mwanahistoria wa Wizara yenu ya Mambo ya Nje, alitoa ripoti kwamba kwa yakini kubwa ilikuwa ya kughushi. Mmekiuguza kidonda hicho miaka 100 kamili, na mwezi ule ule kilipotimiza karne mkaandika, kwa mikono yenu wenyewe, barua isiyohitaji mtu wa kuighushi.

Kisha, tarehe 6 Januari 2025, tajiri Elon Musk aliwauliza wafuasi wake kama Marekani iwakomboe Waingereza kutoka katika serikali yao dhalimu, yaani serikali yenu. Mlikasirika, na haki mlikuwa nayo. Julai mwaka huo huo serikali yenu ikatangaza nia ya kukaza sheria za fedha za kigeni katika siasa za Uingereza, jambo ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili. Na Februari, katikati ya mambo hayo mawili, Bwana Starmer alikuwa ameketi Ikulu ya Washington mbele ya Trump yule yule, ambaye kampeni yake ilipeleka mashitaka, akitoa mfukoni barua ya Mfalme Charles ya kumwalika kwa ziara ya kitaifa. Ile, nakiri, ndiyo barua pekee katika kisa hiki chote iliyomfikia mlengwa na kumfurahisha.

Basi ombi langu ni kwamba muuandike msimamo wenu wazi wazi, tuusome nasi tunaopokea wageni wengi wa namna yenu, wenye semina na mikoba, wakija kutufundisha demokrasia. Na kabla hamjauandika, nawasihi mfikiri juu ya Runcorn, ambako tarehe 1 Mei 2025 mlipoteza kiti chenu cha Bunge kwa chama cha Reform UK. Lau Warepublican 100 kutoka Marekani wangalishuka pale kwa hiari yao, katika nafasi yao ya mapumziko, wakalala kwa wenyeji na kupiga hodi nyumba hadi nyumba bila ya kulipwa hata senti, je, mngaliwaita marafiki? Mlishindwa kwa kura 6.

Wakatabahu,
Mpiga kura wa Pwani