Sifa za Mulika Mwizi Isiyowaka

Washairi wameusifu mwezi hadi sifa zikaisha, na mwezi wenyewe ukiuchunguza una tabia mbaya: hutoka bila kuitwa, humulika kila mtu bila kuuliza yeye ni nani. Mimi leo naisifu mulika mwizi ya mtaa wetu, ile taa ya nguzo ya chuma iliyosimikwa kando ya stendi ya matatu hapa Eastlands, Nairobi, ndefu kuliko ghorofa zote za jirani, ambayo haimuliki chochote na haijawahi kumsumbua mwizi hata mmoja.

Nisiidhulumu lakini. Iliwahi kuwaka. Siku ya kuzinduliwa mheshimiwa alibonyeza swichi saa nane mchana, jua likiwaka vilivyo, akina mama wakapiga vigelegele, na wapiga picha wakaombwa wasimame mahali ambapo mheshimiwa na taa wangeonekana pamoja. Ikaendelea kuwaka kwa muda wa heshima, kisha ikaona imemaliza kazi iliyoletewa, ikapumzika.

Sifa yake kuu ni sitara. Sisi tuliolelewa vizuri tunajua kwamba aibu ya mwenzio husitiriwa, na hakuna anayesitiri kama nguzo yetu. Ikifika saa moja usiku, na hapa karibu na ikweta giza halina mazoea ya kubisha hodi, inaanza zamu. Inausitiri mtaro wa majitaka uliopasuka, usiouona ila kuunusa, na pua haikubaliwi kuwa shahidi. Inaisitiri barabara iliyozinduliwa mara mbili na kutengenezwa nusu. Inamsitiri kijana anayengoja kwenye pembe ya ukuta wa shule. Pangekuwa na mwanga angefedheheka, maana mama yake anauza mandazi hatua chache kutoka hapo. Inamsitiri hata anayeporwa, asije jirani akamwona amepiga magoti akibembeleza aachiwe angalau kitambulisho.

Na wema huo hauishii barabarani, unakufuata hadi kituo cha polisi. Ulimwona aliyekuibia? Hapana afande, kulikuwa na giza. Unaweza kumtambua? Hapana. Walikuwa wangapi? Afande, ilikuwa giza. Alivaa nini? Hapo kalamu inalazwa juu ya OB, kitabu cha matukio. Unapewa namba ya OB kwenye kikaratasi, unaambiwa gari la doria halina mafuta, na uchunguzi unakuwa umekamilika hujafika mlangoni. Hebu pigeni hesabu ya gharama ambazo serikali ingeingia kama wananchi wangekuwa wanaonana!

Sifa nyinginezo nazitaja mbiombio. Haivuti kumbikumbi. Watoto wameifanya mlingoti wa goli, na bodaboda huegemea hapo wakisubiri abiria. Mgeni huelekezwa kwayo, "shuka penye taa isiyowaka," ingawa maelekezo hayo yamepoteza wageni kadhaa, kwani stendi inayofuata nayo inayo ya namna hiyohiyo.

Ni nyenyekevu pia. Ilipokuwa ikiwaka ilikuwa na baba watatu: mbunge aliyesema ni fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, mwakilishi wadi aliyesema aliipigania kwenye bajeti, na mwaniaji mmoja aliyeshindwa uchaguzi ambaye anaapa wazo lilikuwa lake. Ilipozimika ikawa yatima. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazitaja taa za barabarani katika kazi za kaunti, lakini nguzo haijui kusoma. Nilipoulizia, ofisi ya kwanza ilinielekeza kwa ya pili, ya pili ikasema ilishaikabidhi, na ya tatu, yenye adabu kuliko zote, ikaniuliza namba ya mita.

Nikaenda kuitafuta hiyo mita kwa tochi ya simu. Kisanduku kilicho chini ya nguzo kilikuwa wazi, mlango wake wa chuma umeng'olewa, nyaya zimekatwa usawa wa zege, na ndani mlikuwa na chupa mbili za bia na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme mkubwa kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu. Mlango wetu yaelekea haukupata tangazo.

Mpangaji wa chumba cha pili kutoka changu alivunjwa mkono hapo penye nguzo, akitoka zamu ya usiku kiwandani, kwa ajili ya simu ndogo ya kabambe ambayo mwizi aliitazama, akaitupa chini, kisha akamzaba kofi kwa kumpotezea wakati. Kwenye baraza la chifu tukaambiwa usalama unaanza na mimi na wewe. Sawa, umeanza. Mbona unaishia hapohapo? Kodi pia inaanza na mimi na wewe, na hiyo hatujawahi kuona ikikwama njiani ilipokuwa inakwenda.

Tena msiniambie hakuna uwezo. Februari 2025 Kenya Power na Kaunti ya Nairobi walikuwa wakidaiana mabilioni, huyu bili za umeme, yule ada za kupitishia nguzo na nyaya. Umeme wa ofisi za kaunti ulipokatwa, malori yalikwenda kumwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni hiyo. Huku mtaani tuliitazama habari ile kwa mshangao mkubwa. Kumbe malori ya taka yapo. Kumbe yana mafuta, na madereva wanaijua kazi, na ikihitajika wanafika!

Na sisi je? Kinyozini tunawalaani wanasiasa wote kwa sauti moja, kisha msafara wa mmoja wao ukipita na spika zake tunakimbia nje na povu la sabuni shavuni kuimba.

Majuzi vijana wawili walifika na ngazi. Mtaa mzima ulitoka, wengine tayari wanapiga makofi. Vijana wakapanda kadiri ngazi ilivyowafikisha, wakabandika bango la mtu anayetaka kiti 2027, mtu mwenye meno mengi na ahadi ya mwanga. Walipokuwa wakishuka wakamwomba mama mboga wa pale chini awalindie.

"Mama, ukimwona mtu analichana usiku, utupigie simu."

"Nitamwona kwa nini, wanangu?"