Weka Alama ya Vema

Nimefundisha hisabati miaka 21 bila kumuuliza mtoto hata mmoja anapenda kufundishwaje. Sikuona haja. Darasa lina watoto 87, ubao ni mmoja, na chaki naitunza mfukoni kama dawa ya pumu. Muhula huu mwalimu wa taaluma karudi kutoka semina na rimu mbili za karatasi na uso wa mtu aliyeokoka. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza ajaze dodoso, tujue kama anajifunza kwa kuona, kwa kusikia, kwa kusoma na kuandika, au kwa kutenda.

Rimu mbili! Mtihani wa mwezi tuliuandika ubaoni kwa sababu ofisini hakukuwa na karatasi ya kumwandikia hata mgonjwa ruhusa.

Dodoso lenyewe, Kiingereza kitupu. Watoto hawa juzi tu walikuwa darasa la saba wakisomeshwa kwa Kiswahili. Ikabidi nisimame mbele nitafsiri swali moja baada ya jingine, kama mkalimani wa mkutano wa injili. Hata sijamaliza la kwanza, mkono juu.

"Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?"

Nikasema hakuna jibu sahihi. Darasa likanyamaza. Mtoto aliyelelewa na mitihani tangu akiwa na miaka saba, ukimwambia hakuna jibu sahihi, anajua unamtega. Wakaanza kuchunguliana. Matokeo yake, kwenye swali la kazi wanayoitaka ukubwani, safu nzima ya nyuma, kutoka dirishani hadi mlangoni, wanataka kuwa "madaktali wa moyo", na L ileile.

Swali la nne liliuliza: ukinunua kifaa kipya, unasoma maelekezo, unatazama picha, unamuuliza mtu au unajaribu mwenyewe? Mmoja aliandika pembeni, "Baba hataki tuguse." Swali jingine: unapenda kufanya nini baada ya masomo? Watoto 41 wamejibu, "Kusoma kwa bidii." Mwingine, "Kumbebea mwalimu madaftari." Huyo atakuja kuwa mkuu wa wilaya.

Nilibeba karatasi zile nyumbani, mke wangu akidhani ni mitihani ya kusahihisha, akanionea huruma bure. Nikajumlisha hadi taa ikazimika. Kesho yake nikamfuata mwalimu wa taaluma nikiwa nimejisomea kidogo, maana ubishi bila marejeo ni kelele. Nikamweleza kwamba mambo haya ya kuona, kusikia, kusoma na kutenda yaliwekwa kwenye dodoso mwaka 1987 na Neil Fleming wa New Zealand, mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule. Mkaguzi! Ningejua mapema nisingeshangaa. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake kule Uingereza wakaorodhesha nadharia za mitindo ya kujifunza, wakafikisha 71. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani wakapekua tafiti zilizokuwapo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa mtindo "wake" anaelewa zaidi.

"Nadharia 71," nikamwambia, "na mimi nina ubao mmoja."

"Mwalimu, wewe unapinga kila kitu."

Uongo. Likizo sijawahi kuipinga.

Lakini kuna karatasi moja ilinikaa kichwani. Binti mmoja alikuwa ameweka vema kwenye "kusikia" katika maswali yote 16 ya kuchagua. Hakuruka hata moja. Nakiri nilivimba kichwa kidogo. Usiku ule nilijifunika shuka nikiamini kwamba baada ya miaka 21 amepatikana mtu wa kuithamini sauti yangu. Asubuhi nikamwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, mbona kila mahali kusikia? Unapenda sana nikieleza?"

Akatazama viatu vyake.

"Ubao siuoni, mwalimu."

Tangu Januari alikuwa anakaa dawati la pili kutoka mwisho. Maandishi yote niliyoandika kule mbele, pamoja na ule mtihani wa mwezi aliopata 9 nikamwandikia "Ongeza bidii", kwake yalikuwa vumbi jeupe. Nimemhamishia mbele, na nimemwandikia mzazi ampeleke hospitali akapimwe macho. Barua hiyo nimeiandika nyuma ya karatasi ya dodoso.

Ripoti nimeiwasilisha: "Wanafunzi wa kusikia: mmoja. Ameshahamishiwa mbele." Mwalimu wa taaluma ameirudisha. Anataka asilimia, na chati ya duara yenye rangi nne. Mimi nina kalamu nyekundu.