Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: wanafunzi wetu wa meno wafundishiwe kijijini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba kupiga hodi. Najua mezani kwako kuna malaria, kifua kikuu, uzazi salama na bima ya afya, na kwamba kila dakika yako ina mwenyewe. Uniwie radhi kwa kukuomba chache.

Mimi ni mwalimu wa matabibu wa meno mkoani Arusha. Nafundisha afya ya kinywa katika jamii, na nashukuru kwa dhati kwamba somo hilo lipo kwenye mtaala. Ombi langu ni moja: litoke darasani.

Ukiniruhusu, nikueleze tuliyoyaona Maji ya Chai, Arumeru. Mwanafunzi wangu alisimama mbele ya watoto wa darasa la nne, akawaonyesha vizuri sana namna ya kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Msichana mmoja akanyoosha mkono. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo. "Mimi napiga mswaki kila siku. Mbona hayawi meupe?" Mwanafunzi akanigeukia, hana la kusema.

Mheshimiwa, mtoto yule hakuwa na kosa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi kwenye chemchemi na visima, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, yataota na madoa ambayo mswaki hauyatoi. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza floraidi. Tabibu wa huko anapaswa kujua kuketi na kamati ya maji, na kuzungumza na akina mama jikoni.

Au chukua imani ya meno ya plastiki, yanayodaiwa kumletea mtoto homa na kuharisha. Darasani tunaimaliza kwa neno moja: hayapo. Kliniki, bibi amembeba mjukuu anayeharisha, homa imepanda, naye anaonyesha uvimbe mweupe kwenye fizi, pale chonge zinapojiandaa kuota. Akijibiwa "hayapo" tu, ataenda kwa mganga, fizi ichokonolewe kwa kifaa kichafu. Mtoto atavuja damu, pengine apate maambukizi, na kule kuhara kutaendelea kummaliza maji mwilini. Mwanafunzi aliyezoea kliniki hiyo huanza na ugonjwa wenyewe, kwa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki, kisha humweleza bibi uvimbe ule ni nini.

Hayo hayafundishiki kwa ziara ya siku moja, nayo ndiyo tuliyo nayo chuoni kwetu. Tunahesabu meno aliyong'oa mwanafunzi na aliyoziba. Jino lililonusurika kuoza kwa sababu yake halimpi alama.

Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mtaala utakapopitiwa, kila mwanafunzi apangiwe zahanati moja kwa muhula mzima. Arudi kwenye kaya zilezile na shule ileile, wahudumu wa afya ngazi ya jamii washiriki kumpima, na alama hizo ziamue kufaulu kwake. Nauli na malazi viwekwe kwenye bajeti, ili mtoto wa maskini asikwame.

Nchi yetu inaliweza hili, Mheshimiwa. Katikati ya miaka ya 1980, chuo cha udaktari wa meno Dar es Salaam kilianzisha njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine, kwa sababu watu wa mbali walihitaji tiba inayowafikia. Leo dunia inaitumia. Uhitaji wa vijijini ndio uliotufikisha hapo.

Nakutakia afya njema na wepesi katika kazi zako. Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa afya ya kinywa na meno, Arusha